NAFUU SIYO KUPONA



Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ambayo mara nyingi twaipita bila kuitazama. Neno pumzi na neno kupumzika ni ndugu wa tumbo moja. Aliyechoka hupumzika, yaani huirudisha pumzi yake mahali pake. Na kitabu cha Mwanzo, katika sura yake ya pili, chatufundisha ya kuwa mtu hakuwa hai kwa udongo peke yake, bali alipata uhai hapo Mungu alipompulizia pumzi puani. Basi si ajabu kwamba mgonjwa wa mapafu, siku pumzi yake inapoanza kumrudia, hudhani amerudishiwa uhai wake wote. Juu ya dhana hiyo twataka kusema leo, kwa maana imewapeleka wengi kaburini, na baadhi yao wamekwenda na watoto wao.

Ugonjwa tunaousema ni kifua kikuu. Tusije tukaongea hewani, tuutazame mahali maalum. Twende Myamba, katika milima ya Upare ya Kusini, wilaya ya Same. Huko ardhi imesimama wima. Shamba la mtu laweza kuwa juu ya paa la jirani yake, na kisima kikawa chini ya miguu yao wote wawili. Watu hulima tangawizi, migomba, mahindi na maharage, na kila kilimwacho hupandishwa au hushushwa kwa mabega na vichwa. Mahali kama hapo mtu haulizwi hali ya mapafu yake; mlima humpima. Aliyezoea kupanda na mzigo bila kusimama huanza kusimama mara moja njiani. Baada ya mwezi husimama mara tatu. Kisha humwachia mwanawe mzigo. Kisha hashuki tena, kwa sababu ashukapo anajua kwamba itampasa kupanda.

Katika miezi hiyo ya kwanza, mgonjwa na watu wake husema ni baridi ya mlima, au ni moshi wa jikoni, au ni mzee tu. Huchemsha tangawizi. Nasi hatuna ugomvi na tangawizi, ambayo ni baraka kubwa ya milima ile na imesomesha watoto wengi. Chai yake hulainisha koo na kupasha kifua joto. Lakini haiui kijidudu cha kifua kikuu, hata ikinywewa mtungi mzima. Kikohozi kinachofika wiki mbili chataka zahanati, wala hakitaki bilauri nyingine ya tangawizi. Jasho la usiku, homa za jioni, mwili kukonda na makohozi yenye damu ni dalili ambazo mtu asizichelewe hata siku moja.

Tuseme sasa kwamba mtu wetu amekwenda. Makohozi yake yamepimwa, ugonjwa umeonekana, naye amepewa vidonge ambavyo ndani ya kila kimoja zimechanganywa dawa nne. Amefundishwa kwamba atavimeza kila siku kwa miezi 2, kisha atameza dawa mbili kati ya hizo nne kwa miezi mingine 4. Ameambiwa pia kwamba mkojo wake utageuka rangi na kuwa mwekundu kama maji ya machungwa, asishtuke, maana si damu. Hatoi hata senti kwa dawa hizo, kwa kuwa nchini Tanzania matibabu ya kifua kikuu ni bure. Anameza. Wiki ya pili na ya tatu homa inashuka. Chakula kinaanza kuwa na ladha. Mke wake anaona kwamba shuka haliloi tena usiku. Mwezi wa pili unapokwisha, asubuhi moja anashuka kisimani na kupanda tena, na afikapo nyumbani anashangaa kuona kwamba hakusimama njiani.

Ni neema kubwa, na mtu afurahi. Aliyewahi kukosa hewa peke yake ndiye ajuaye utamu wa kuvuta pumzi hadi chini ya mbavu pasipo kuchomwa. Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo. Mlima uliompima akiwa mgonjwa sasa unamwambia kwamba amepona, naye anausadiki, kwa kuwa siku zote haujamdanganya. Tangawizi imekomaa na yataka kuchimbwa. Au ndugu yake aliyeko Dar es Salaam amemwandikia habari za kazi. Au anaona haya kuonekana kila mwezi penye mlango ule wa zahanati unaojulikana na kijiji kizima. Vidonge vinabaki ndani ya kopo, juu ya kabati. Hakuna aliyemkataza, nani atamkataza mtu mwenye nguvu kama zile?

Sharti tufahamu jambo linalotendeka ndani ya kifua chake. Vijidudu vya kifua kikuu havifanani vyote kwa mwenendo. Vingi huzaana upesi, na hivyo ndivyo vinavyoleta homa, kikohozi na kukonda. Dawa huviua hivyo katika majuma ya kwanza, na ndiyo sababu ya nafuu. Lakini vipo vingine vichache vilivyolala usingizi katika makovu na mashimo ya pafu, vinavyozaana polepole mno, au vilivyotulia kabisa kwa muda. Dawa haiwezi kuviua kwa haraka, kwa kuwa huviua vinapoamka. Kwa hiyo kazi ya mwezi wa kwanza ni kumwondolea mtu mateso, na kazi ya miezi inayofuata ni kumwondolea ugonjwa. Kazi ya kwanza mgonjwa huihisi katika mwili wake. Ya pili hawezi kuihisi, maana mwili wake umekwisha kuacha kulalamika. Itampasa kuisadiki.

Wapare wanao mfano wa jambo hili katika mila zao za kilimo. Katika milima yao wamejenga tangu zamani mabwawa madogo yaitwayo ndiva, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku, ili asubuhi yafunguliwe na kupelekwa mashambani kwa zamu. Mtu akiifungua ndiva kabla haijajaa, ataona maji yakitoka kwa nguvu na kelele, na atafurahi. Lakini maji hayo yatafika shamba la juu tu. Mashamba ya chini yatabaki makavu, na ndiva itakuwa tupu.

Hatari ni kubwa kuliko kuugua tena. Vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa vyaweza kubaki na uzao usioogopa dawa ile. Jambo hili lilijulikana mapema sana. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya kifua kikuu, streptomisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Mwaka 1948 waganga wa Uingereza walitangaza matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa wao. Katika miezi ya kwanza waliotibiwa walipata nafuu ya ajabu; wengine waliokuwa wakingojea kufa waliinuka vitandani. Kisha wengi wao wakarudi kuumwa, na dawa ile ile haikuwafaa tena, kwa sababu vijidudu vilivyobaki vilikuwa vimekuwa sugu. Waganga wakajifunza kwamba dawa moja haitoshi, wala muda mfupi hautoshi. Mgonjwa wa leo anayeacha dawa zake mwezi wa tatu anarudia kwa hiari yake msiba ambao watu wa 1948 waliupata kwa kutokujua.

Na usugu huo haubaki kifuani mwake. Akohoapo ndani ya chumba kisicho na dirisha, huwapa wanawe ugonjwa uliokwisha kuzizoea dawa. Hospitali ya Kibong'oto, iliyo katika miteremko ya Kilimanjaro karibu na Sanya Juu, ilianza mwaka 2009 kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Kwa miaka mingi matibabu yao yalikuwa marefu, ya mwaka mmoja na nusu na zaidi, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi mingi, ambazo ziliwaondolea baadhi yao uwezo wa kusikia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali matibabu ya vidonge ya miezi 6 kwa wengi wa wagonjwa hao, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo baba wa familia asiseme kwamba sasa hata usugu una dawa. Ni heri vidonge vilivyomo katika kopo lake.

Tugeukie Injili. Mwinjili Luka, katika sura ya 17, asimulia habari za wakoma kumi waliomlilia Bwana wetu kwa mbali. Tumezoea kuhubiri juu ya yule mmoja, Msamaria, aliyerudi kushukuru, na ni haki. Lakini kwa kufanya hivyo twalisahau agizo walilopewa wote kumi, nalo ni kwamba waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini? Yeye aliyewatakasa hakujua kwamba wametakasika? Alijua. Ila Torati ya Musa ilikuwa imeweka mtu wa kupima. Ukiisoma sura ya 13 na ya 14 ya kitabu cha Walawi, sura ambazo wengi huzipita kwa kuzionea kichefuchefu, utaona utaratibu wa kutushangaza. Mwenye alama ya kushukiwa alitengwa siku saba, kisha alitazamwa. Ikiwa haijaeleweka, siku saba tena. Na yule aliyekwisha kutakasika hakurukia nyumbani kwake. Kuhani alimwendea nje ya kambi na kumtazama. Akiisha kuoga na kunyoa aliingia kambini, lakini alikaa nje ya hema lake siku saba, hata siku ya nane ndipo mambo yake yalipomalizika. Siku zote hizo mtu yule alijiona mzima. Ngozi yake ilikuwa safi, naye aliiona kwa macho yake, na watoto wake walikuwa ndani ya hema wakimwita. Lakini hakuwa yeye wa kujitangazia uzima wake.

Bwana wetu, aliyeivunja desturi kila ilipomwonea maskini, desturi hii hakuivunja. Huyu tunamsoma akimgusa mkoma mmoja katika Injili ya Marko, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitenda, na mara akisha kumtakasa anamtuma kwa kuhani. Twaweza kusema ya kuwa hata muujiza ulipelekwa kupimwa.

Basi, katika siku zetu mwenye kupima ni yule bibi mwenye koti jeupe kwenye maabara ya kituo cha afya. Hupima makohozi mwisho wa mwezi wa pili, tena mwezi wa tano, tena mwisho wa matibabu. Mgonjwa ajisikiaye mzima huona taabu hiyo ni bure, hasa akikumbuka ule mlima na nauli. Tena hana makohozi, atatoa nini? Atoe alichonacho, hata kidogo. Wale wakoma tisa twawalaumu kila mwaka kwa kukosa shukrani, na wastahili kulaumiwa. Lakini walau hao waliendelea na safari ya kwenda kupimwa.

Hapa hatuna budi kusema neno moja juu ya maombi. Wako wagonjwa walioombewa, wakajisikia wepesi, kisha wakaambiwa au wakajiambia wenyewe kwamba kuendelea kumeza dawa ni kukosa imani. Hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amfundisha mgonjwa asali kwanza na kuitakasa roho yake, kisha ampe mganga nafasi yake, kwa kuwa huyo naye ni kiumbe cha Mungu, na dawa zimetoka katika ardhi kwa amri ya Mungu. Hakusema achague mojawapo. Naamani wa Siria naye aliagizwa ajichovye mtoni Yordani mara saba. Maandiko hayatuelezi ngozi yake ilionekanaje baada ya mara ya sita. Huenda ilikuwa bado na madoa, naye akawa na sababu ya kukata tamaa. Huenda ilianza kung'aa, naye akawa na sababu ya kutoka majini. Kwa vyovyote vile alijichovya mara ya saba. Kuteremka kwake mara hiyo ya saba hakukuwa na maneno wala nyimbo. Ndivyo ilivyo imani ya mgonjwa wa kifua kikuu katika mwezi wa tano, anapomeza vidonge vyake alfajiri kwa maji baridi, hali hasikii maumivu yoyote.

Tusifikiri kwamba elimu hii yote ililetwa kutoka ng'ambo nasi tukaipokea tu. Hospitali ile ya Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926, wakati dawa haikuwako, na mgonjwa aliweza kupewa mapumziko, hewa safi ya mlima na chakula, basi. Mtu aliaga watu wake akaenda kukaa huko muda mrefu, na wengine hawakurudi. Uchunguzi uliofanywa Madras, India, na kutangazwa mwaka 1959 ulionyesha kwamba mgonjwa aliyemeza dawa zake akiwa nyumbani kwake alipona sawasawa na yule aliyelazwa. Na katika miaka ya 1970 wagonjwa wa Afrika Mashariki yetu, pamoja na waganga wao, walishiriki katika majaribio yaliyothibitisha kwamba kwa kuchanganya dawa mpya matibabu ya mwaka mzima na zaidi yaweza kufupishwa yawe ya miezi 6. Miezi hiyo 6, ambayo leo mtu wa Myamba anaiona kuwa mirefu, ilipatikana kwa uvumilivu wa watu wa nchi zake mwenyewe.

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Aliyesaidia sana kuusimamisha ni mganga kutoka Chekoslovakia, Karel Styblo, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 1998. Mtu huyu katika vita vya pili vya dunia alifungwa na Wajerumani katika kambi ya Mauthausen, na humo ndimo alimopata kifua kikuu. Kwa hiyo alipozungumza juu ya pumzi hakuwa anasoma kitabu. Alilofundisha lilikuwa rahisi kulisema, gumu kulitenda: kila mgonjwa aandikwe, aonekane akimeza dawa, na mwisho wa matibabu ihesabiwe ni wangapi waliopona, wangapi waliokufa, wangapi waliopotea njiani. Asisahauliwe hata mmoja. Msomaji Mkristo hatakosa kumkumbuka yule mchungaji mwenye kondoo mia. Utaratibu uliojaribiwa hapa Tanzania, katika zahanati za vijijini, ulichukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 na kufundishwa mataifa mengine.

Na bado kazi haijaisha. Mwaka 2023 duniani kote waliugua kifua kikuu watu milioni 10.8, na watu milioni 1.25 wakafa kwacho. Hatuandiki hesabu hizi ili kuwatia watu hofu. Twaziandika kwa sababu wengi wa hao waliokufa walikuwa na ugonjwa wenye dawa.

Sasa twasema nanyi, akina baba na akina mama. Tangu mwaka 2006 mgonjwa wa Tanzania anaruhusiwa kuchagua atamezea dawa wapi: kituoni mbele ya mwuguzi, au nyumbani mbele ya mtu wake amwaminiye, ambaye huitwa msimamizi wa matibabu. Wengi huchagua nyumbani. Maana yake, ndugu zangu, ni kwamba kazi ambayo zamani ilikuwa ya waganga na masista wenye elimu imewekwa mikononi mwa mke, au mwana, au jirani. Kazi hiyo katika mwezi wa kwanza ni nyepesi, maana mgonjwa ana hofu ya kufa, na huzitafuta dawa mwenyewe. Ugumu huja katika mwezi wa tatu, akisha kunenepa. Hapo msimamizi huonekana msumbufu. Mwana humwambia baba yake, Baba, hujameza. Na baba hujibu kwa ukali, maana hapendi kukumbushwa ugonjwa na mtoto aliyemzaa. Twawaomba akina baba wasiwe wakali kwa jambo hili. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikatazi mtoto kumletea baba yake kikombe cha maji na vidonge vyake.

Dawa hizo zikimletea mtu manjano ya macho, kutapika kusikokoma, au ganzi ya miguu, asiziache kimya kimya. Arudi kituoni siku ile ile, waganga wajue la kufanya. Kuna njia ya kubadilisha dawa. Kuziacha kwa siri si mojawapo ya njia hizo.

Jambo la aibu twalisema kwa huzuni. Twajua nyumba ambamo mgonjwa hutengewa sahani na kikombe chake mpaka mwisho wa maisha yake, na nyingine ambamo mke aliyeugua hurudishwa kwa wazazi. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuenea na kuambatana na kifua kikuu, mgonjwa wa kifua amekuwa akitazamwa kwa jicho la kumshitaki. Basi watu wajue ya kuwa kifua kikuu hakikai katika sahani. Huenda kwa hewa, mtu anapokohoa ndani ya nyumba iliyofungwa. Na mgonjwa atumiaye dawa sawasawa, baada ya majuma machache, kwa kawaida hawaambukizi tena watu wake. Fungueni madirisha. Nyumba nyingi za milimani zimezibwa ili baridi isiingie, na jiko la mafiga matatu linawaka humo humo. Moshi ule si rafiki wa pafu lolote, sembuse pafu lenye kidonda. Sigara nayo iachwe kabisa. Watoto wadogo wanaoishi na mgonjwa wapelekwe kupimwa, kwa kuwa kwao iko dawa ya kuwakinga.

Zaidi ya yote, pasiwepo mtu wa kulazimishwa na njaa kuacha dawa. Ikiwa mgonjwa yuko katika mwezi wa tatu na tangawizi yake imekomaa, basi jumuiya ndogo ndogo itoke Jumamosi moja, wamchimbie. Ndiyo sala itakayomfaa. Twasikia mara nyingi jumuiya zikikusanya fedha za sanda na jeneza, na hatulaumu tendo hilo la huruma. Lakini nauli ya kwenda kupima makohozi ni ndogo kuliko bei ya mbao.

Wakatoliki wote humpenda Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, msimamizi wa nchi za misioni tangu mwaka 1927. Si wote wakumbukao alikufa kwa nini. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896, katika konventi ya Karmeli mjini Lisieux, Ufaransa, alisikia kitu cha moto kikimpanda kifuani hadi mdomoni. Asubuhi aliona kwamba ni damu. Alijisikia na nguvu za kutosha, akaendelea na mfungo na kazi za siku ile pamoja na wenzake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Septemba 1897, baada ya majuma ya kukosa hewa mpaka akawa hawezi kuvuta pumzi bila maumivu, alifariki akiwa na umri wa miaka 24. Kijidudu kilichomwua kilikuwa kimekwisha kujulikana. Robert Koch alikitangaza huko Berlin tarehe 24 Machi 1882. Lakini dawa ilikuwa bado karibu miaka hamsini ije. Twaweza kuuliza angetoa nini Mama Agnes, dada yake, aliyekaa kando ya kitanda kile, ili apate kopo moja la vidonge kama vile vilivyo juu ya kabati.

Limebaki jambo moja ambalo waganga hulijua, na wahubiri hulikwepa. Wako watu waliomeza kila kidonge mpaka siku ya mwisho, makohozi yao yakaonekana safi, wakaandikwa kwamba wamepona, na kweli wamepona. Lakini pumzi yao haikurudi yote. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuharibu sehemu ya pafu kabla hawajatibiwa, na mahali pale pamebaki kovu. Hawaambukizi mtu. Hawahitaji tena vidonge vile, wala si kweli kwamba dawa imewashinda. Baadhi yao, hasa vijana waliovuta vumbi la mawe katika machimbo ya Mererani, walikuwa na mapafu yaliyochoka hata kabla ya kuugua. Watu hao waambiwe ukweli kwa upole. Watembee kila siku kwa kadiri yao, wakiongeza kidogo kidogo, maana mwili usiotembezwa hupoteza hata pumzi iliyobaki. Wavute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu apulizaye moto. Na kikohozi kikirudi na homa, wasikae wakisema ni lile kovu tu, waende kupimwa tena.

Katika parokia za milimani watu hao huonekana Jumapili. Hutoka nyumbani mapema kuliko wengine, na kengele ya pili huwakuta wangali njiani, mmoja ameegemea mti penye kona, mwingine ameketi juu ya jiwe akitazama mabonde kana kwamba ameyapenda ghafla. Vijana huwapita mbio. Mnaowapita, punguzeni mwendo, mkae nao pale mpaka pumzi yao itulie, kisha mpande pamoja. Nasi mapadre tunaosimama altareni tukitazama saa zetu, dakika tano za kuwangoja hazitaiharibu Misa.